Swali la Amani katika Bonde la Mohoro

Kabla sijaisimulia safari yenyewe, yanipasa kueleza hali ilivyokuwa, maana msomaji asiyeijua anaweza kudhani kwamba tulisafiri kwa jambo dogo. Katika kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Mohoro, ulikuwapo ushirika mdogo wa Kipresbiteri. Haukuanzishwa na wenyeji. Wenyeji wa bonde hilo ni Waislamu, wakulima wa mpunga na wavuvi wa mtoni, na msikiti wao ni wa zamani kuliko kumbukumbu ya yeyote niliyemuuliza. Ushirika ulianzishwa na watu walioletwa huko na kazi: walimu wa shule ya msingi, wauguzi wa zahanati, na familia chache za kutoka Rungwe zilizoufuata udongo mweusi wa Rufiji. Walijenga kanisa kwa matofali ya kuchoma, wakaliezeka kwa mabati, wakachagua wazee wa kanisa kama desturi yetu inavyoagiza, wakaishi na majirani zao bila kelele.

Kisha yakaja mafuriko. Maji ya Rufiji hupanda kila masika, na wakulima wa bonde huyangoja, kwa kuwa ndiyo yaletayo rutuba. Lakini mwaka ule yalipanda yakakataa kushuka. Mzee Ambakisye, mkulima mkongwe na mmoja wa wazee wawili wa kanisa waliokuwa wamebaki, aliezua mabati ya kanisa na kuyapandisha juu ya dungu. Dungu ni kibanda cha miguu mirefu ambacho watu wa Rufiji hukijenga mashambani ili walindie mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Chini ya mabati hayo walijihifadhi watu wa nyumba kadhaa, Wakristo kwa Waislamu, mpaka nchi ilipoonekana tena.

Mzee wa kanisa wa pili alikuwa mwanamke, Mama Atupele, muuguzi mstaafu. Siku hizo alikuwa ng'ambo ya maji, akiwahudumia wagonjwa. Aliporudi akalikuta kanisa halina paa, alisema kwamba mali ya kanisa haiondolewi bila uamuzi wa baraza la wazee. Mzee Ambakisye akamjibu kwamba maji hayakungoja kikao. Tangu jibu hilo hawakusemeshana.

Mtu wa nje ataona ni ugomvi wa kawaida. Kwetu haukuwa hivyo. Katika ushirika ule, Jumamosi inayotangulia Meza ya Bwana, mchungaji huketi na wazee na kumwuliza kila mmoja mbele ya wenzake: je, kuna amani nyumbani mwa Bwana? Kila mzee lazima ajibu kwamba ipo. Asipojibu hivyo, baraza halikai, na Meza haiandaliwi kwa mtu yeyote. Tangu mafuriko swali hilo lilikuwa likiulizwa bila kupata jibu la pili.

Wakati huo huo washarika walikuwa wakihama, na presbiteri, baraza la juu lenye kutusimamia, ilifikiria kuufunga ushirika na kuwaunganisha waliobaki na ndugu zao wa Kibiti. Kanuni zetu haziruhusu ushirika ufungwe kabla haujasikilizwa katika mkutano wake wenyewe. Mimi, mwalimu mstaafu wa historia na mzee wa kanisa mjini Dar es Salaam, nilitumwa kuusikiliza.

Alhamisi asubuhi niliondoka Mbagala. Mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni, akanikabidhi mwavuli.

"Unakwenda kulifunga hilo kanisa au kulifungua?"

"Ninakwenda kusikiliza."

"Wanaotumwa kusikiliza ndio wanaofunga," akasema, akarudi ndani.

Basi lilipita Mkuranga katika mvua nyembamba. Mikorosho ilisimama kando ya barabara, matawi yake yakigusa ardhi, na chini yake palikuwa na giza hata saa ya mchana. Abiria walizungumza bei ya korosho kwa muda, kisha wakasinzia. Nami nilizisoma tena kanuni nilizokuwa nikizijua kwa moyo, kama afanyavyo mtu asiyetaka kufika.

Kibiti nilipokewa na Mchungaji Lazaro, kijana mwembamba mwenye kuhudumu pande zote mbili za mto. Alinipa shikamoo, akauchukua mkoba wangu, akanipeleka kwenye chumba cha kupanga ambacho ushirika wa Kibiti hukitumia kwa ibada. Mezani palikuwa na chupa ya divai iliyoviringishwa kwa kipande cha kanga.

"Hiyo ndiyo divai ya Mohoro," alisema. "Mwalimu, nikwambie ukweli, nimechoka kuibeba. Ninakwenda nayo, ninauliza swali, Mzee anajibu ipo, Mama ananyamaza, ninarudi nayo. Safari iliyopita kondakta aliniuliza kama mimi ni wakala wa pombe."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ningekuwa wakala, ningekuwa nimeshauza."

Alicheka peke yake, kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mzee Ambakisye hali yake si nzuri. Moyo. Nakuomba kesho usishangae."

Ijumaa asubuhi tulivuka Ndundu. Daraja ni refu, na chini yake mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo na matete. Jirani yangu kwenye basi, bwana mmoja wa makamo mwenye kofia ya viua, alinyoosha kidole kuelekea kilipokuwa kivuko zamani. "Tulikuwa tunalala hapo na magunia yetu," alisema. "Leo tunapita hata salamu hatuupi. Ndiyo maana unakasirika." Sikujua kama alitania. Ng'ambo ya mto tuliiacha lami na kupanda bodaboda, na tangu hapo njia ilikuwa ya tope jeusi linaloshika gurudumu kama gundi. Kwenye kuta za nyumba zilizosalia mtu aliweza kuuona mstari wa maji, umenyooka nyumba hadi nyumba, juu ya vimo vya madirisha. Kuta nyingine hazikuwa na nyumba tena.

Tulifika watu wakitoka swala ya Ijumaa. Aliyetupokea alikuwa jirani wa Mzee Ambakisye, Bi Zuhura, mjane wa Kindengereko mwenye umbo kubwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Nyumba yake ilikwenda na maji. Aliishi na wanawe katika lile dungu, chini ya mabati ya kanisa, hatua chache kutoka kwa Mzee. Yeye ndiye aliyempikia mgonjwa.

"Karibuni, karibuni wageni. Mchungaji, umekonda tena! Huko Kibiti hawakulishi? Na huyu baba ndiye mwenye hukumu?"

"Mimi ni msikilizaji tu, Bi Zuhura."

"Haya. Sikiliza basi, huku maneno hayapungui."

Mzee Ambakisye alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, mito miwili mgongoni, maana akilala chali pumzi ilimkatika. Miguu yake ilikuwa imevimba na ngozi yake inang'aa. Hatujamaliza kuamkiana, akaingia mwanamke mrefu mwenye kikapu na kipimo cha presha. Huyo alikuwa Mama Atupele. Alitusalimu sote kwa heshima isipokuwa mgonjwa, akaketi kwenye kigoda karibu na miguu yake, akamtazama Bi Zuhura.

"Zuhura, mwambie ainue mguu wa kushoto."

Bi Zuhura alikuwa akisuka ukili wa mkeka na hakuinua macho. "Mwenyewe ana masikio mawili, Nesi."

"Mwambie."

"Baba Ambakisye, inua mguu, serikali inataka kuuona."

Mzee akauinua kwa taabu. "Mwambie Nesi kwamba jana haukuuma sana."

"Anasema jana haukuuma sana."

"Mwambie anasema uongo. Kifundo hakionekani. Amekula chumvi."

"Ulikula chumvi?"

"Kidogo. Ni samaki wako aliyekuwa na chumvi."

"Hee! Sasa yameniangukia mimi," Bi Zuhura akautupa ukili mapajani. "Mpeleka maneno nimegeuka mshitakiwa. Nyie watu wa Rungwe, watu wa ndizi, mna kazi! Kwetu watu wakigombana wanatukanana siku moja, jua likizama wanakula wali. Nyie mnagombana kwa adabu mwaka mzima, hata hamchoki."

Mchungaji alicheka, Mzee akacheka mpaka akakohoa, na Mama Atupele hakucheka. Lakini niliona kwamba alipokuwa akiufunga mguu ule aliufunga polepole sana, na kwamba alipoondoka aliacha dawa mahali ambapo mkono wa mgonjwa ungefika bila kujinyoosha.

Baada ya yeye kuondoka, Mzee alimgeukia mchungaji. "Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo, Baba."

"Safari hii nisiikose. Kifua changu kinanieleza mambo ambayo Nesi hanielezi. Sitaki kwenda kwa Bwana kama mtu aliyekataliwa mezani pake."

"Hujakataliwa," nikasema.

"Mwalimu, asiyeitwa chakulani na aliyefukuzwa chakulani wote wawili hulala njaa."

Nilimwuliza kama alikuwa ameomba radhi. Alisema ameomba, tena na tena, kwa kinywa cha Bi Zuhura, na jibu lilikuwa lile lile: mabati yarudi kwanza. "Nami siwezi kumvua Zuhura paa," alisema. "Wanawe ndio walionibeba mgongoni maji yakiwa kifuani." Bi Zuhura alikuwa amekaa pale pale. Vidole vyake havikuacha kusuka.

Jumamosi asubuhi nilifuatana na Mama Atupele katika mzunguko wake. Kwa desturi yetu, kabla ya Meza, kila mzee hupita nyumba za kata yake, zile alizokabidhiwa kuzitunza, akabisha hodi, akauliza habari za mwili na za roho. Mvua ilikuwa imekatika na mbingu ilikuwa chini, ya kijivu. Nyumba ya kwanza tulimkuta mwanamke akianika mpunga uliokwisha kuchipua kwa unyevu. Nyumba ya pili haikuwa na mlango, na ndani yake mlikuwa na tope na sufuria moja iliyopinduka. Mama Atupele alisimama mbele ya uwazi ule, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hodi wenyewe." Alingoja kwa muda ambao mtu mwenye nyumba angehitaji ili ainuke na kujifunga kanga. Kisha akaendelea na safari.

"Wamehama?" nikauliza.

"Wamehamia Dimani."

"Mbona unabisha?"

"Wako katika kata yangu. Baraza halijakaa likaniagiza niwaondoe."

Tulibisha hodi kwenye nyumba nyingine za namna hiyo, na kwa kila moja alingoja. Kwenye moja mbuzi wa jirani alichungulia kutoka ndani. Mama Atupele akamwambia, "Starehe," akapita. Ndipo nilipoyaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Tulipofika mahali ambapo njia inapita kati ya mashamba mawili yaliyofunikwa na mchanga, alisimama.

"Mwalimu, nikuulize wewe uliyesoma. Ushirika wetu unaweza kufungwa bila mkutano wa washarika?"

"Hauwezi."

"Na mkutano huitwa na nani?"

"Na baraza la wazee."

"Na baraza lisipokuwa na amani?"

"Halikai."

"Ahaa," akasema, akalivuka dimbwi, akaendelea kutembea. Nilibaki nyuma hatua kadhaa kabla sijafahamu kwamba alikuwa amekwisha kunieleza jambo lote.

Nilimfikia. Alizungumza bila kunitazama, kama mtu atoaye taarifa ya zamu.

"Mwanzoni nilikasirika kweli. Nilirudi nimechoka, nimezika watoto, nikalikuta kanisa wazi kama zizi, naye ananijibu kwa kejeli. Hasira ile ilikaa, kisha ikaondoka kama homa inavyoondoka, bila kuaga. Nilikuwa tayari kwenda kumwambia yaishe. Jumapili hiyo Mchungaji akatangaza kwamba presbiteri inataka kutufunga. Nikarudi nyumbani nikakaa. Nikaona kwamba hasira yangu imepata kazi."

"Na mabati?"

"Nilijua hatamvua Zuhura paa. Ningetaja sharti jingine, angelitimiza."

"Mama, Mzee anangoja Meza."

"Najua anachongoja. Ni mimi ninayeupima moyo wake. Nilidhani watu watarudi kiangazi. Walimu wapya wangekuja. Nilitaka wakija walikute kanisa. Akipata Meza, baraza limekaa, mkutano umeitwa, ushirika umekwisha. Ushirika ukibaki, yeye anakufa na njaa yake. Umesoma wewe. Nichague nini?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyowahi kufundishwa na niliyowahi kuyafundisha, nami sikulipata. Nilimwambia hivyo.

"Basi angalau usimwambie yeye," akasema. "Akijua, atasema anaiacha Meza ili kanisa libaki. Ndivyo alivyo. Sitaki anipe sadaka hiyo."

Jumamosi alasiri baraza lilikuwa likutane nyumbani kwa Mzee, kwa kuwa hakuweza kutembea. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa bahari. Mchungaji na mimi tulikuwa tunapanga viti tuliposikia mlio wa chuma ukivutwa, mlio mkali usiofanana na chochote. Tulitoka nje. Wana wawili wa Bi Zuhura walikuwa juu ya dungu, waking'oa misumari. Mabati mawili yalikuwa yamekwisha kushushwa na kuegemezwa kwenye nguzo, na Bi Zuhura alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, akitoa amri. Godoro lake na vyombo vyake vilionekana juu kule, mbele ya mbingu.

Mama Atupele alikuwa ndiyo kwanza anafika. Kikapu kilimponyoka.

"Zuhura! Unafanya nini?"

"Narudisha mali ya watu."

"Mvua hiyo inakuja!"

"Naiona, sijapofuka. Nesi, mimi sisomi kitabu chenu na wewe husomi chetu. Lakini yule baba ndani amesema anakwenda kwa Mungu wake na njaa, na kizuizi ni hili bati. Nimelala chini yake usiku kucha nikilitazama. Sitaki kulala chini ya bati linalomzuia mtu kwa Mola wake. Mtoto, shusha la tatu!"

"Mwache, asishushe!"

"Kwa nini asishushe? Si ndilo ulilolitaka? Ulisema yarudi. Haya, yanarudi."

Mama Atupele alinitazama. Nilitamani asinitazame, maana sisi wawili tu pale uani tulijua kwamba alikuwa amenyang'anywa sababu yake na mtu aliyemtakia mema. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya bati lililoegemezwa, tukalisikia sote.

"Yarudishe juu, Zuhura," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tafadhali, dada yangu. Yarudishe juu. Mimi naingia ndani."

Aliingia, akaketi. Mchungaji aliomba kwa ufupi, kisha akauliza swali kama lilivyo.

"Mzee Ambakisye, je, kuna amani nyumbani mwa Bwana?"

"Kwangu ipo."

"Mama Atupele, je, kuna amani nyumbani mwa Bwana?"

Nje nyundo zilikuwa zikigonga haraka haraka, zikishindana na mvua. Mama Atupele aliweka mikono yake juu ya magoti.

"Ipo," akasema.

Kisha akasogeza kigoda, akamtazama mgonjwa usoni. "Inua mguu."

Mzee Ambakisye hakuuinua. Alikuwa ameziba uso wake kwa viganja. "Umenisemesha," alisema. "Mchungaji, amenisemesha."

Baraza likakaa. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kwamba mabati yale ni ya Bi Zuhura na watoto wake, na kwamba aliyeyaezua aliyaezua kwa haki. Uamuzi wa pili ulikuwa kuitisha mkutano wa washarika kesho yake baada ya ibada. Hoja hiyo ilihitaji kuungwa mkono na mzee mmoja. Mama Atupele aliinua mkono wake kabla mchungaji hajamaliza kuisoma.

Jumapili tuliabudu ndani ya kuta nne zisizo na paa. Mvua ilikuwa imekwisha usiku, ila mbao za mabenchi zilikuwa bado nzito kwa maji, na watu walitandika magunia wakakaa. Walikuwa wachache, wengi wao wanawake, nao waliimba kwa sauti za watu wanaojua kwamba hakuna dari ya kuwasaidia. Meza iliandaliwa. Nimeshiriki Meza hiyo katika makanisa makubwa yenye vinanda. Sijapata kuona watu wakiupokea mkate kwa namna ile, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Kisha mkutano ukaanza, nami nikasikiliza. Mwanamke yule aliyekuwa akianika mpunga ulioota alisimama wa kwanza.

"Mimi nalipenda kanisa hili, niliolewa humu," alisema. "Lakini nililala na watoto juu ya mti, na mmoja wao mpaka leo akisikia mvua anajikojolea. Tumehesabiwa kama tunaokaa. Ukweli tunangoja tu nauli. Tusidanganyane."

Hakuna aliyembishia. Wengine walisema mambo yale yale kwa maneno mengine. Mchungaji aliwataka wanaokubali kuunganishwa na Kibiti wasimame. Walisimama mmoja mmoja, pasipo kutazamana, na waliposimama wote alibaki mtu mmoja ameketi kwenye benchi la mbele, mgongo wake umenyooka. Alipoulizwa kama anataka kusema neno, Mama Atupele alisema hana, ila angependa iandikwe kwamba aliketi.

Tulimpelekea Mzee Ambakisye mkate na divai kitandani. Bi Zuhura alikuwa amefagia chumba na kufukiza udi, akatoka ili atupishe, akakaa kibarazani na ukili wake. Kabla ya kupokea, Mzee aliuliza, "Mkutano umekwendaje?"

Mchungaji alinitazama. Mama Atupele akatangulia kujibu.

"Umekwisha kwa amani, Baba."

"Watu walikuja?"

"Walikuja."

Alipokea. Alitafuna polepole, macho amefumba, na divai ikamtiririka kidogo kidevuni. Mama Atupele akaipangusa kwa ncha ya kitenge chake. Baadaye Mzee alilala, na pumzi yake, nilivyoisikia, ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Hakuuliza zaidi. Sijui hata leo kama hakuuliza kwa kuwa aliridhika au kwa kuwa alijua.

Jumatatu asubuhi niliaga. Bi Zuhura alinipa mkeka mdogo na kuniambia nimsalimie mke wangu. Mama Atupele alinisindikiza hadi mwisho wa nyumba zilizo na watu, akanipa mkono, akasema ninayo mengi ya kuandika na asingenichelewesha. Njia ilikuwa imekauka kidogo. Kwenye lami nilipanda basi, nikavuka Ndundu kwa mara ya pili, nikaipita Kibiti bila kushuka. Mchungaji alikuwa amebaki bondeni siku moja zaidi. Chupa ilikuwa tupu.

Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na mara nyingi nimewaeleza wanafunzi namna taasisi zinavyokufa: kwa vita, kwa ufisadi, kwa uzembe. Sikuwa nimeona ushirika ukifa kwa sababu watu wake wawili walipatana. Wala sikuwa nimejua kwamba tumaini linaweza kuishi kwa siku nyingi ndani ya neno ambalo mtu amekataa kulisema, na kwamba mwenye tumaini hilo anaweza kulitoa kwa hiari, akijua gharama yake, kwa ajili ya mgonjwa mwenye miguu iliyovimba. Niliyaandika niliyoyasikia katika mkutano. Niliyoyasikia njiani, kati ya mashamba yale mawili, sikuyaandika katika taarifa yangu, kwa kuwa nilitumwa kuusikiliza ushirika, na yule mama alikuwa amezungumza nami kama mtu.

Mzee Ambakisye alifariki majuma machache baadaye, akiwa bado mzee wa kanisa wa ushirika ulio hai. Wana wa Bi Zuhura ndio waliochimba kaburi. Presbiteri ilikaa mwezi uliofuata, ikaupokea uamuzi wa washarika, ikaufunga ushirika ule. Waliobaki waliandikwa Kibiti. Mama Atupele bado anaishi bondeni, na husali Kibiti zile Jumapili ambazo njia inapitika.